Ukimya Wenye Kazi

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Maana ya methali hiyo inajulikana: asiye na kitu kichwani ndiye mwenye makelele. Lakini ukiingia katika ulimwengu wa mashine utakuta kuwa methali hii mara nyingine hugeuka juu chini. Feni inayozunguka mahali pa wazi, isiyozuiwa na kitu, ndiyo hutulia na kunong'ona. Feni ileile ikipewa kazi, ikafungwa ndani ya kompyuta iliyojaa nyaya na vyuma vya moto, ndipo huanza kulalamika. Debe tupu linanyamaza, lililojaa linavuma. Katika insha hii nataka kueleza jinsi watu walivyojifunza kuzipima feni ndogo za kupoza kompyuta, yaani kazi yake na kelele yake. Ni kifaa cha bei ndogo kinachoenea kiganjani, lakini naona historia ya kukipima ina fundisho kubwa kuliko kifaa chenyewe.

Kompyuta ni mashine ya ajabu kwa jambo moja. Haiinui mzigo, haisagi nafaka, haivuti gari. Inahesabu tu, na karibu umeme wote unaoingia ndani yake hutoka ukiwa joto. Ukiipa wati 100 ni sawasawa na kuwasha ndani ya kasha lake taa ya wati 100 ya aina ile ya zamani iliyokuwa ikiunguza vidole. Joto hilo lisipoondolewa, chombo huungua au hukosea hesabu. Njia rahisi ya kuliondoa ni kupitisha hewa. Hesabu yake ni nyepesi: kuondoa wati 100 kwa hewa inayopata joto la nyuzi 10 tu njiani, unahitaji kupitisha kiasi cha mita za ujazo 30 kwa saa. Hewa hiyo haiji yenyewe kwa wingi huo, basi ndiyo sababu ya feni.

Jambo hili lilijulikana tangu mwanzo. ENIAC, kompyuta iliyozinduliwa Philadelphia nchini Marekani mwezi Februari 1946, ilikuwa na valvu zaidi ya 17,000, zile chupa za kioo ambazo wazee wetu walizijua katika redio za zamani. Ilikula umeme wa karibu kilowati 150, na mashine kubwa za kusukuma hewa zilikuwa sehemu ya muundo wake, si pambo. Kompyuta zilizofuata, hata baada ya transista kuchukua nafasi ya valvu, ziliwekwa katika vyumba maalumu vyenye sakafu iliyoinuliwa na hewa baridi. Kelele ilikuwapo tele, lakini ilikuwa kelele ya kiwandani. Aliyekuwa na shughuli humo aliingia, akafanya kazi yake, akatoka na kufunga mlango. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu angeketi karibu na kitu hicho kutwa nzima akiandika barua.

Mambo yalibadilika kompyuta ilipopanda juu ya meza. Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya mtu binafsi. Kisanduku chake cha umeme kilikuwa cha wati 63.5 tu, nacho kilikuwa na feni ndani. Mtu aliyeizoea taipureta, ambayo hupiga kelele anapoigusa na hunyamaza anapofikiri, sasa aliketi mbele ya chombo kinachovuma hata pale yeye anapofikiri. Hiyo ni tofauti kubwa. Kelele ya taipureta ilikuwa yake mwenyewe. Kelele ya feni si ya mtu. Nayo huanza asubuhi na kuisha jioni, na mara nyingi mtu hujua kuwa ilikuwapo pale tu inapozimwa, mabega yakashuka bila yeye kuyaamuru.

Wa kwanza kukasirikia kelele hiyo walikuwa na dawa ya mkato: feni isiwepo. Steve Jobs wa kampuni ya Apple aliichukia feni kwa moyo wake wote. Apple III, iliyotangazwa Mei 1980, ilitengenezwa bila feni kwa amri yake. Joto lilitarajiwa kutoka kupitia kitako kizito cha alumini. Kilichofuata kimekuwa hadithi mashuhuri katika historia ya kompyuta. Mashine nyingi ziliharibika. Chipu zililegea katika vishikio vyake, na wenye mashine walipewa ushauri wa kuinyanyua sentimita chache juu ya meza na kuiachia ianguke, ili chipu zirudi mahali pake. Watu wengi waliulaumu ukosefu wa feni. Jerry Manock, aliyebuni kasha lake, alikataa lawama hiyo akasema kuwa vipimo vilionyesha joto lilikuwa likitoka vizuri, na kwamba kosa lilikuwa katika ubao wa umeme ambao njia zake zilibanana mno. Sina haja ya kuwaamua. Neno linalonivutia katika mabishano hayo ni moja: vipimo. Hata mtu anayeutetea ukimya alijua kwamba hawezi kuutetea kwa kuusifu; lazima aseme kama kazi ilifanyika.

Mwaka 1984 ikaja Macintosh, nayo bila feni. Ilipendwa sana, lakini wapo walioiita kibaniko cha mkate, na kampuni nyingine zikapata soko la kuuza feni za kuongezea kwenye kompyuta za Apple. Jobs aliondoka katika kampuni hiyo mwaka 1985, na Macintosh SE ya mwaka 1987 ikatoka na feni yake ndani. Huo ndio ukimya wa kwanza, ukimya wa amri. Ulishindwa kwa sababu joto halisikii amri.

Njia ya pili ilikuwa ndefu na haikuwa na sifa yoyote ya kishujaa: kupima. Lakini kupima nini? Kelele si kitu unachoweza kukitia katika kibaba. Wahandisi wa simu wa Marekani walikuwa wamelivunja jiwe hilo mapema. Katika miaka ya 1920, watu wa kampuni za Bell walianza kutumia kipimo walichokiita desibeli, yaani sehemu moja ya kumi ya beli, iliyopewa jina hilo kwa heshima ya Alexander Graham Bell, maana beli nzima ni kubwa mno kwa matumizi ya kila siku. Kipimo hiki kinafuata tabia ya sikio. Desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti imekuwa mara 10, lakini msikilizaji wa kawaida atasema kelele imezidi kama mara mbili. Feni mbili zinazofanana zikiwekwa pamoja haziongezi desibeli mara mbili, bali huongeza 3 tu.

Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara hizo za Bell walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba sikio halizisikii sauti zote kwa usawa. Sauti nzito, kama mvumo wa ngoma kubwa uliofifia, lazima iwe na nguvu nyingi ndipo isikike sawa na sauti ya kati. Kutokana na kazi ya namna hiyo vipima sauti vikawekewa kile kinachoitwa mizani ya A, ambayo hupunguza sauti nzito kabla ya kuzihesabu. Sauti ya hezi 100, kwa mfano, hupunguziwa desibeli 19. Kwa hiyo tarakimu ya desibeli unayoiona imeandikwa kwenye feni si sauti yenyewe. Ni sauti iliyokwisha kuchujwa kwa niaba ya sikio la mtu wa wastani, na huyo wa wastani hajawahi kuonekana na mtu.

Ikabaki taabu nyingine: mahali pa kupimia. Tuseme feni inatoa desibeli 20 na chumba chenyewe, pamoja na magari ya barabarani na jokofu la jirani, kina desibeli 30. Kipima sauti kitasoma 30 na kidogo. Feni itakuwa imepotea ndani ya chumba kama chumvi iliyotiwa baharini. Ndiyo maana vikajengwa vyumba visivyo na mwangwi, vyenye kuta zilizojaa pembe ndefu za sufi ya kioo zinazomeza sauti. Leo Beranek alikijenga kimoja mashuhuri katika Chuo Kikuu cha Harvard wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya mambo ya vita. Vyumba vya ukoo huohuo ndivyo vilivyokuja kutumika baadaye kupimia taipureta, mashine za kuchapa na kompyuta. Waliosimama ndani yake husema kuwa husikia mapigo ya moyo wao. Inataka nyumba nzima ya ukimya ili kumsikia mdudu mmoja.

Upande wa hewa nao una hila zake, na hapa ndipo mnunuzi wa kawaida hupotezwa. Nimewahi kushika dukani kasha la feni la rangi nzuri lililoandikwa tarakimu tatu kubwa: hewa inayopita kwa saa, mgandamizo, na desibeli. Ukizisoma pamoja utadhani ni sifa tatu za feni moja. Ukweli ni kwamba ile tarakimu ya hewa hupimwa feni ikiwa haizuiwi na chochote, na ile ya mgandamizo hupimwa njia ikiwa imezibwa kabisa, hewa isipite hata chembe. Zote mbili ni za kweli, lakini hazitokei siku moja. Ni kama kumsifu mpagazi kwamba anakimbia kilomita 15 kwa saa na anabeba kilo 120, bila kusema kwamba anakimbia asipobeba kitu, na anapobeba kilo hizo hasogei hata hatua moja.

Feni iliyofungwa ndani ya kompyuta huishi kati ya ncha hizo mbili. Kuna wavu wa chuma, kuna chujio la vumbi, kuna mapezi ya alumini yaliyosongamana. Ili kuijua feni, lazima ipimwe katika ngazi zote za kazi, kutoka wazi kabisa hadi kuzibwa kabisa. Chama cha Marekani cha watengenezaji wa vifaa vya hewa, AMCA, kina kiwango chake namba 210 kinachoeleza jinsi ya kufanya hivyo. Feni huwekwa kwenye mdomo wa sanduku kubwa lililofungwa. Ndani yake hewa hupitishwa katika vyavu ili itulie, kisha hutoka kupitia midomo myembamba iliyochongwa kwa ustadi. Tofauti ya mgandamizo kabla na baada ya midomo hiyo hueleza ni kiasi gani cha hewa kimepita. Mwisho wa sanduku kuna feni nyingine kubwa ya msaada, ambayo kazi yake ni kuondoa uzito wa sanduku lenyewe, ili mpimaji aweze kumpa mtahiniwa mzigo anaoutaka, hata ule wa sifuri. Matokeo yake si namba moja bali ni mstari uliopinda, unaoshuka kutoka mgandamizo mwingi usio na hewa hadi hewa nyingi isiyo na mgandamizo. Mahali fulani katikati, feni nyingi huyumba; hewa huachana na mapanga, na kelele hupanda ghafla.

Hapo msomaji mwenye macho ataiona taabu iliyobaki. Sanduku la kupimia hewa ni zito na lina mashine ya msaada inayovuma. Ukipima kelele humo, utapima kila kitu isipokuwa feni. Na ukiitundika feni peke yake katikati ya chumba kisicho na mwangwi, utasikia kelele yake safi, lakini itakuwa kelele ya feni isiyo na kazi. Basi kwa miaka mingi watu walikuwa na kweli mbili zisizokutana. Chumba kimoja kilijua feni inafanya nini, chumba kingine kilijua inasema nini, na hapakuwa na mahali pa kuyajua yote mawili kwa wakati mmoja.

Aliyejenga daraja kati ya vyumba hivyo alikuwa George Maling, mhandisi wa sauti wa IBM aliyefanya kazi Poughkeepsie katika jimbo la New York. Ufumbuzi wake ulikuwa mwepesi kiasi cha kukuchekesha. Tengeneza fremu ya sanduku, lakini badala ya kuta za mbao au chuma, izungushie utando mwembamba wa plastiki, ule wa jamii ya kanda za kaseti. Utando huo haupitishi hewa, kwa hiyo mgandamizo hujengeka ndani kama kawaida. Lakini ni mwepesi mno hata sauti huupita kana kwamba haupo. Upande mmoja fungia feni kwenye ubao laini usiopeleka mtetemo, na upande wa pili weka tundu lenye kifuniko cha kusogeza. Ukilifungua tundu, kazi ni nyepesi. Ukilibana, kazi ni nzito. Hewa inafungwa, sauti inaachiwa. Mwaka 1987 njia hiyo iliingia katika kiwango cha Marekani, ANSI S12.11, na mwaka 1996 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 10302. Kwa mara ya kwanza mnunuzi wa feni nyingi, aliyejua mashine yake ina uzito gani, aliweza kuuliza swali lililo sahihi: feni hii ina kelele kiasi gani inapofanya kazi yangu mimi?

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini kampuni itumie fedha na akili za watu kiasi hicho kwa jambo kama hili. Sehemu ya jibu ni kwamba kulikuwa na watu nje ya kampuni waliokuwa wakidai. Nchini Uswidi, idara ya serikali iitwayo Statskontoret iliweka mipaka ya kelele kwa mashine zinazonunuliwa kwa ajili ya ofisi. Shirikisho la wafanyakazi wa nchi hiyo, TCO, lilianza mwaka 1992 kutoa alama ya ubora kwa vioo vya kompyuta, na vigezo vyake vya mwaka 1999 viligusa pia kelele za kompyuta zenyewe. Walioketi mbele ya mashine ndio waliosema kwamba mvumo wa kutwa ni sehemu ya mazingira ya kazi, kama mwanga na kiti. Mwaka 1988 shirika la viwango la kimataifa lilikuwa limekwisha kutoa kanuni za namna ya kutangaza kelele za vifaa vya ofisi. Kanuni hiyo, ISO 9296, ilitaka nguvu yote ya sauti inayotoka kwenye mashine itangazwe kwa beli, si kwa desibeli, ili isichanganywe na desibeli zinazosomwa mahali alipoketi mtu. Wauzaji wengi wa feni za rejareja waliendelea na desibeli zao, maana tarakimu ndogo ya feni iliyo wazi huuza vizuri.

Kisha zikaja mbio. Pentium ya Intel ilipotoka mwaka 1993, ilikuwa na joto la kutosha kuifanya feni ya juu ya prosesa kuwa jambo la kawaida mezani. Miaka iliyofuata kila kampuni ilishindana kwa kasi, na kila kasi ilikuja na joto lake. Mwaka 2003 Nvidia ilitoa kadi ya picha iitwayo GeForce FX 5800 Ultra, ambayo feni yake ilipiga kelele hadi watu wakaifananisha na mashine ya kufyonza vumbi. Watu wa Nvidia wenyewe walitengeneza filamu fupi ya kujicheka, wakiifananisha kadi yao na mashine ya kupeperushia majani. Mwaka 2004 Intel ilitoa Pentium 4 ya aina ya Prescott, iliyoweza kufika wati 100 na zaidi, na Mei mwaka huohuo ikaacha kazi ya prosesa iliyokusudiwa kuifuata katika njia ileile. Mbio za kasi tupu ziligonga ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa joto.

Ndipo wahandisi na mafundi wa nyumbani walipoirudia hesabu ya zamani ya feni, ambayo kwa maoni yangu ni somo zuri kuliko mahubiri mengi. Punguza kasi ya feni nusu: hewa inapungua nusu, umeme unaokula unabaki sehemu moja ya nane, na kelele inashuka kwa desibeli kama 15. Hasara ni nusu, faida ni kubwa zaidi ya nusu. Basi chukua feni kubwa izunguke polepole. Feni ya milimita 120 ikizunguka mara 800 kwa dakika hupitisha hewa sawa na feni ya umbo lilelile ya milimita 80 ikizunguka mara 2,700, na kwa hesabu hiyohiyo kelele yake ni pungufu kwa desibeli kama 14. Polepole ndio mwendo, kweli kabisa.

Lakini hesabu haina upendeleo. Feni hiyo kubwa iendayo polepole ina mgandamizo wa sehemu moja ya tano tu ya ule wa feni ndogo. Iweke mbele ya njia iliyo wazi, itakupoza na kukubembeleza. Iweke mbele ya mapezi yaliyosongamana, hewa haitapita. Ukimya wake utakuwa wa mtu aliyeacha kazi. Kwa sababu hiyo maendeleo ya baadaye yalitokana na mambo madogo yanayotaka subira: umbo la panga, beringi isiyokwaruza, na ule mwanya kati ya ncha za mapanga na fremu ambamo hewa huponyoka kurudi ilikotoka. Mwaka 2018 kampuni ya Noctua ya Austria ilitoa feni ya milimita 120 yenye mwanya wa nusu milimita tu. Ilibidi watumie plastiki ngumu maalumu, maana plastiki ya kawaida hutanuka kadiri mapanga yanavyozunguka miezi na miaka, na mwishowe yangesugua ukuta.

Kwetu sisi wa pwani mambo haya yana uzito zaidi. Tuseme kipande fulani hakitakiwi kupita nyuzi 70 za joto. Katika maabara yenye nyuzi 22 unayo nafasi ya nyuzi 48. Katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari, chenye nyuzi 34, unazo 36 tu. Kuondoa joto lilelile kunataka upoozaji wenye nguvu zaidi kwa theluthi moja, na ukijaribu kuupata kwa kuongeza kasi ya feni kwa theluthi moja, kelele hupanda kwa desibeli kama 6. Ongeza na vumbi linaloziba chujio na mapezi: feni inasogezwa kutoka kwenye ile hewa ya bure iliyosifiwa dukani kuelekea kwenye njia iliyozibwa. Tarakimu za dukani zilikwisha kuwa mbali na ukweli hata kule zilikopimwa. Huku zinakuwa mbali zaidi. Shule inayopewa kompyuta zilizotumika ingefaidika zaidi na brashi laini na mtu wa kuitumia kila mwezi kuliko tarakimu zozote za kwenye kasha.

Kupima si lazima kuwe kwa wenye maabara tu. Washa udi, usogeze karibu na matundu ya kompyuta, utazame moshi. Pale unapovutwa ndani hewa inaingia, pale unapotupwa nje inatoka, na pale unapozungukazunguka mahali pamoja, hewa ya moto inarudi kuvutwa tena. Kisha ipe mashine kazi nzito nusu saa, ndipo usikilize. Usisikilize ukubwa wa kelele peke yake, sikiliza na sura yake. Feni yenye mapanga 7 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mlio wa hezi 350. Jirani yake ikizunguka mara 3,060, mlio wake ni hezi 357, na milio hiyo miwili itagombana mara 7 kila sekunde, ikipanda na kushuka kama mtu anayegugumia. Kipima sauti huenda kisione ubaya wowote, lakini anayeketi hapo hatapata raha. Hilo ni jambo ambalo namba moja haiwezi kulisema.

Mwaka 2020 Apple ilitoa MacBook Air yenye chipu ya M1, bila feni, na safari hii ilifanikiwa. Miaka 40 ilikuwa imepita tangu Apple III. Jobs alikuwa amefariki mwaka 2011. Kilichobadilika hakikuwa kwamba joto limejifunza kusikia amri, bali chipu imejifunza kutumia umeme kidogo. Na hata hivyo kazi nzito ikiendelea kwa muda mrefu, mashine hiyo hupunguza kasi yake ili isiungue. Ukimya wake una mipaka inayojulikana, kwa kuwa umepimwa. Wakati huohuo, kazi nyingi tulizokuwa tukizifanya mezani zimehamia katika majumba makubwa ya kompyuta, ambako feni ndogo za milimita 40 huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na wanaozihudumia huvaa vifaa vya kuziba masikio. Simu iliyonyamaza mkononi mwangu inavumiwa na feni mahali nisipopaona. Nafikiri tunapaswa kulikumbuka hilo kabla ya kujisifu kuwa tumeishinda kelele. Wengine bado wanaisikia kwa niaba yetu.

Watu wengi husifiwa kwa utulivu wao, na wengine hulaumiwa kwa makelele yao, bila aliyeuliza kila mmoja amebeba nini. Wapo waliotulia kwa sababu hawakupewa mzigo. Wapo wanaogumia kwa sababu wamefungwa mahali pasipopitisha hewa, na aliye karibu nao, badala ya kuondoa vumbi, hulalamikia sauti. Na wapo wachache waliobeba mzigo kamili na bado wametulia. Hao ukiwachunguza utakuta mara nyingi wanakwenda polepole na wamepewa nafasi ya kutosha. Kabla ya kusema neno juu ya yeyote kati yao, fanya alivyofanya Maling na utando wake. Mwache afanye kazi yake, umwekee mzigo unaoujua, ndipo usikilize.